Shela na mkonge

Kikundi: UKOO WA BI MWANTUMU, NGAMIANI, TANGA (watu 31)

*Jumamosi usiku, 16 Mfungo Mosi*

Rukia: Assalaam alaykum wote. Jana nimeolewa, leo nimetolewa mbele ya wanawake ukumbini, na hapa nimekaa nakumbuka kwamba sina picha hata moja ya maana.

Mama Rukia: Waalaykum salaam. Si ulisema mwenyewe simu zikusanywe mlangoni?

Rukia: Nilisema mama. Sikutaka nijikute kwenye status ya mtu nimefumba jicho moja. Lakini gauni linarudi dukani Jumatatu saa nne asubuhi na sijapigwa nalo.

Zuwena: Ipo ile ya kwenye chumba cha kuvalia 😂

Rukia: Nyuma yangu kuna ndoo na malapa ya mtu.

Rukia: Saumu ana kamera. Nataka anipige kesho. Nje, si studio.

Saumu: Jamani. Mimi napiga paka, maua, na watoto wa chekechea siku ya mahafali. Bi harusi sijawahi kumpiga hata mmoja.

Rukia: Nihesabu paka.

Mama Rukia: Mpiga picha wa kiume sitaki, nilishasema. Saumu ndiye.

Shangazi Tatu: Ngojeni kwanza. Mtu yuko fungate. Siku ya pili tu aanze kuzurura na gauni barabarani? Siku saba hizo zimewekwa za nini?

Rukia: Shikamoo shangazi. Idrisa ameridhia, na yeye anakuja.

Shangazi Tatu: Marahaba. Idrisa hana siku mbili kwenye ukoo huu, hajui hata anachoridhia.

Idrisa: Shikamoo shangazi 🙏 nimo humu.

Shangazi Tatu: Marahaba baba. Nani kakuingiza?

Idrisa: Hamisi. Jana baada ya nikahi.

Hamisi: Nilidhani ndiyo utaratibu 😅

Saumu: Kama ni lazima, basi mimi nimewaza Tongoni. Raskazone Jumapili kumejaa watu, kila ukiinua kamera kuna mtoto na ice cream nyuma. Tongoni pametulia, halafu zile kuta za mawe ya matumbawe zina kijivu fulani kizuri, gauni jeupe litakaa vizuri sana pale.

Shangazi Tatu: TONGONI???

Shangazi Tatu: Bi harusi mumpeleke makaburini?

Saumu: Pana msikiti pia shangazi.

Shangazi Tatu: Gofu la msikiti, lililozungukwa na makaburi arobaini na ziada. Hata jina lenyewe, tongo ni mahali palipohamwa. Na wewe unamtoa mtu kwenye kuanza nyumba unamweka kwenye mahame. Na mimi nimefunga sita yangu leo, msinipandishe pressure.

Mjomba Bakari: Tatu, hao waliolala pale ni wazee wetu, wala hawana neno na mtu. Zamani hapo ndiyo Mtang'ata. Nguzo za makaburi zilikuwa na mabakuli ya Kichina, matundu yake mpaka leo yapo. Na Vasco da Gama merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama miamba ya hapo 1498. Mwaka uliofuata wakati wa kurudi wakaitia moto wenyewe, mabaharia walishapungua hawatoshi kuiendesha.

Shangazi Tatu: Tumeuliza picha, umetuletea Mreno.

Zuwena: 😂😂😂

Zuwena: Bibi yuko hapa anasikiliza nikimsomea. Anasema makaburini hapana. Anasema "mwende pwani kwenye mchanga, kaburi tutalifuata wenyewe siku ikifika".

Saumu: Sawa bibi. Basi chini ya Tongoni, ufukweni. Saa kumi na moja jioni, jua limelegea.

Mjomba Bakari: Mchanga gani mpwa wangu? Kesho mwezi 17.

Saumu: Ndiyo nini mjomba?

Mjomba Bakari: Bamvua hilo, maji makubwa. Mwezi 15 maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hesabu mwenyewe: kesho saa kumi na mbili kasoro maji yako ndani ya mikoko, mchanga utauona kwa kupiga mbizi.

Saumu: Na yanapwa saa ngapi?

Mjomba Bakari: Karibu na saa sita mchana. Hapo unatembea mpaka uchoke.

Saumu: Saa sita ndiyo balaa lenyewe mjomba. Jua utosini. Kivuli cha nyusi kinaangukia machoni, mtu anakuwa na mashimo mawili kama fuvu. Niliwahi kumpiga mwalimu mwenzangu saa saba, mpaka leo hanisalimii vizuri.

Mjomba Bakari: Basi chagua. Mchanga upate na jua baya, au jua zuri na maji kiunoni. Au subirini maji mafu, yasiyojaa sana, mwezi 22, 23.

Rukia: Gauni Jumatatu mjomba 😭

Hamisi: Kwani lazima bahari? Ukipita Tongoni njia ya Pangani kuna mashamba ya mkonge. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Hapana watu, hapana mawimbi, hapana maiti.

Mjomba Bakari: Mkonge ndio uliijenga Tanga. Ulipandwa kwanza Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, 1893...

Shangazi Tatu: Bakari lala.

Zuwena: Bibi anasema Rukia abebe na kisutu alichompa, ile kanga nyekundu ya harusi. Anasema yeye harusi yake alipigwa picha studio hapa hapa Ngamiani na kisutu chake, nyuma pazia lililochorwa ngazi, "na ngazi zenyewe hazikuwa na pa kwenda".

Saumu: Tutakibeba bibi.

*Jumapili*

Saumu (asubuhi): Betri mbili zimejaa. Kadi nimeifuta. Lenzi moja tu, ile ndogo ya 50 niliyoinunua kwa mtu. Tumbo linaniuma.

Salha Maskati: Mpenzi usihangaike. Msimamishe kivulini, mwangalie machoni, piga. Na msitume kwenye simu kama picha, inakamuliwa yote. Tuma kama faili. Huku nasubiri.

Hamisi (saa tisa na nusu): Tumetoka. Gauni limechukua viti vitatu vya Noah. Bwana harusi amekaa na tairi la akiba.

Mama Rukia: Wingu limefunga upande wa bahari, rudini.

Saumu: Mama wingu ndilo ninalolitaka! Linalainisha jua kama pazia jeupe. Mvua tu ndiyo sitaki.

Shangazi Tatu: Masika haya halafu mtu anaombea wingu.

Hamisi (saa kumi na robo): Tumefika. Mlinzi wa shamba tumemuomba, kakubali tusiingie ndani sana. Boda boda wawili wamesimama kuangalia, nimewaambia hapa hapauzwi kitu.

Saumu: Hamisi simama na kanga pale njiani uzibe.

Hamisi: Mimi dereva, mlinzi, na sasa pazia.

*(kimya saa moja na nusu)*

Zuwena: Mbona kimya? Bibi anauliza.

Hamisi: Kuna jambo.

Mama Rukia: Jambo gani??

Hamisi: Msishtuke. Upepo umepiga, shela limeruka, limekamatwa na mkonge. Ile miba ya nchani. Mitatu kwa mpigo.

Shangazi Tatu: Si nilisema.

Zuwena: Shangazi wewe ulisema makaburi 😂

Hamisi: Idrisa alitaka kulivuta, Saumu kapiga ukelele hata boda boda wamewasha pikipiki wakaondoka. Sasa anachomoa mwiba mmoja mmoja kama anamtoa mtu funza.

Mama Rukia: Limechanika kiasi gani?

Hamisi: Kiganja changu. Na lesi kidogo.

Mama Rukia: Ya Rabbi. La watu hilo.

Saumu: Msituandikie sasa hivi, jua linashuka, nina nusu saa tu.

*Jumapili usiku*

Saumu: Tumerudi salama. Nimekaa na kompyuta. Nianze na aibu zangu kabisa kabla hamjaniuliza.

Saumu: Picha kama 60 za kwanza zote ni za kutupa. Nilitaka nyuma pawe moshi kama kwa wataalamu, nikafungua lenzi mpaka mwisho, 1.8. Kumbe ukiifungua hivyo na umesogea karibu, kinachokaa wazi ni kipande chembamba mno. Asumini za kikuba kifuani unazihesabu punje kwa punje. Macho ya Rukia hayapo.

Rukia: Kikuba kimeolewa vizuri 😂

Saumu: Nikaibana mpaka 4. Macho yakarudi.

Saumu: Ya pili, gauni. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza yenyewe. Gauni linakuwa kijivu na uso wa dada yangu unakuwa mweusi ti, na Rukia si mweusi ti. Ikabidi niipuuze kamera niongeze mwanga mwenyewe, nikiutazama uso. Nikizidisha tu, maua ya lesi yote yanafutika, inabaki karatasi. Nimehangaika hapo, nusu hatua mbele, nusu hatua nyuma.

Salha Maskati: Hukumulika?

Saumu: Idrisa alimulika. Ile karatasi ya fedha ya kuzibia jua kioo cha gari. Kaishika saa nzima amechuchumaa chini ya mkonge, anarudisha jua usoni kwa mkewe.

Idrisa: Mikono bado inatetemeka.

Shangazi Tatu: Ahsante baba. Hapo nimekuona.

Rukia: Yeye mwenyewe yumo kwenye picha nne tu, na moja ana karatasi kwapani.

Saumu: Shela lilipochanika nikasema basi, yamekwisha. Rukia kakaa kwenye mlango wa Noah analia, wanja unashuka. Ndipo Hamisi akasema mbona kisutu kimo begini. Tukamfunika kisutu cha bibi kichwani juu ya gauni. Wekundu ule, na mkonge una ile kijani kama imepakwa majivu... mikono ya hina imeshika pindo. Na mwanga ulikuwa wa mwisho mwisho, wa chini, umetoka kidogo chini ya wingu. Nimepiga kumi na mbili, jua likaenda. Huku kwetu likishatumbukia halikungoji, unageuka tu na giza hili hapa.

Zuwena: Bibi anataka kuona.

Saumu: Nawawekea kwenye kile kikundi chetu cha wanawake. Humu hapana. Humu mna wakwe.

Mama Rukia: Sawa mwanangu, nitumie kwanza mimi.

Mama Rukia: 📷

Mama Rukia: 📷 📷 📷

Rukia: MAMA

Saumu: Mama Rukia hapa siko!! Futa!

Zuwena: Futa kwa wote, siyo kwako peke yako! Bonyeza juu ya picha, ishikilie!

Mama Rukia: Naishikilia haifutiki

Hamisi: Kila mwanamume humu ageuze simu.

*Mama Rukia: Ujumbe huu umefutwa*

*Mama Rukia: Ujumbe huu umefutwa*

Rukia: Bado mbili!

*Mama Rukia: Ujumbe huu umefutwa*

*Mama Rukia: Ujumbe huu umefutwa*

Mama Rukia: Nisameheni. Miwani.

Mjomba Bakari: Mimi nilikuwa natazama maji, sijaona kitu. Ila kisutu kimekaa vizuri.

Zuwena: 😂😂😂😂 mjomba

Salha Maskati: Nimeziona upande wa pili. Ile ameinamisha uso anacheka, kisutu kimeteleza bega moja. Saumu nitumie ile kwa faili naisafisha huku, naitia kwenye fremu.

Rukia: Hiyo ndiyo yangu. Wala sikujua anapiga. Nilikuwa namcheka Idrisa, siafu wamempanda mguuni na hathubutu kuishusha ile karatasi.

Zuwena: Bibi kaishika simu yangu hairudishi. Kaivuta akatazama maneno ya kwenye upindo wa kisutu, kasema "jina limesomeka". Hakusema lingine.

Shangazi Tatu: Nimeiona. Nzuri. Ningesema zaidi lakini mtajisifu.

Shangazi Tatu: Saumu, binti wa jirani yangu anaolewa Mfungo Pili. Mama yake anataka mpiga picha mwanamke. Nimwambie bei gani?

Saumu: Shangazi! Sijui hata naanzia wapi.

Hamisi: Anzia kwenye mafuta ya Noah.

Mama Rukia: Kuhusu hilo shela. Nimelitia sindano usiku huu, lakini kwenye taa linaonekana. Kesho saa nne nitamwambia nini mwenye duka?

Rukia: Mwambie ukweli mama, tulipe.

*Jumatatu*

Mama Rukia: Nimetoka dukani. Kalishika, kalinyoosha dirishani, kaliona hapo hapo. Elfu ishirini na tano. Nimelipa nusu, nusu kasema nimalizie leo jioni.

Mama Rukia: Watoto wangu mpo?

Hamisi: Na mafuta elfu thelathini.

Mama Rukia: Naona mmesoma wote. Tiki zimekuwa za buluu.

Mjomba Bakari: Leo maji yanajaa saa kumi na mbili na nusu.

Shangazi Tatu: Mimi nimefunga.

Zuwena: Bibi amelala.

Idrisa: Mama, nimetuma sasa hivi, angalia simu. Na ya Hamisi pia.

Shangazi Tatu: Huyu mkwe asitolewe kikundini.