Kuvuta Hilux nyuma ya Coaster ya kulala, magurudumu yote manne chini: nani anaifahamu kazi hii?

PompiYaMaji (Lubumbashi)

Jambo wote. Natengeneza pompi za maji, za sola na za mazutu (dizeli), na wateja wangu wengi wako mbali na mji: Kolwezi, Lubudi, upande wa Bunkeya. Nilinunua Coaster, basi dogo la Toyota lililotoka Japani, usukani kulia, injini ya dizeli 1HZ, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko la gesi, meza ya kazi yenye jiliwa na pipa la maji. Hoteli na mimi basi tena.

Shida ni kwamba Coaster haiingii kila mahali. Ukiacha lami msimu wa mvua, unaweza kulala njiani siku mbili ukingoja trekta ya mtu. Kwa hiyo lazima Hilux iwepo. Ni toleo la zamani la LN106, dizeli, vitesi (gia) vya mkono, 4x4 ya mkono sakafuni, na zile moyo za magurudumu ya mbele unazozungusha kwa vidole kuyaunga au kuyaachanisha na ekseli.

Mpaka sasa mpwa wangu ndiye ananifuata na Hilux. Lakini anaingia chuo kikuu, UNILU, na mama yake ameshaniambia nisimguse tena mtoto wake. Mazutu ya magari mawili pamoja na mshahara wa shoferi wa pili vitakula faida yote.

Nimeona video za Wamarekani: gari-nyumba mbele, pikapu nyuma imeshikwa na chuma tu, magurudumu yote manne barabarani, ndani hakuna mtu. Trela ya kubebea gari siitaki. Ni ghali, ni nzito, na uani kwangu Kamalondo hakuna pa kuiweka, mabomba yamejaa mpaka mlangoni. Swali langu kubwa ni bwate ya vitesi (giaboksi). Kutoka hapa hadi Kolwezi ni kilomita 300 hivi. Itafika nzima? Na kama kuna kingine ninachopaswa kujua kabla ya kumwita msudeya (mchomeleaji), niambieni.

Shoferi_RN1 (Kolwezi)

Kaka, unajipa kazi bure. Weka nyutro, funga kebo, mpe kijana ashike usukani wa Hilux, twende. Nimevuta magari mengi hivyo, hata ya wakubwa. Ukiogopa kebo kukatika, chukua bomba nene, usudeye pete huku na huku. Bwate haina shida, nyutro ni nyutro.

LushiMbali (Edmonton, Kanada)

Salamu nyumbani. Huku jambo hili ni la kila siku, hasa kwa wastaafu. Wanazunguka na gari-nyumba lenye ukubwa wa basi, wakifika kambini wanaliegesha, halafu wanafungua gari dogo la nyuma la kwendea sokoni. Sababu ni ileile yako.

Kitu cha kwanza wanachotazama ni kitabu cha gari. Mtengenezaji anaandika wazi kama gari linaweza kuvutwa kwa magurudumu manne au haliwezi, na namna ya kuliandaa. Jeep Wrangler inapendwa sana kwa kazi hii kwa sababu bwate yake ndogo ya 4x4, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ina N (nyutro). Unaweka N hapo, halafu bwate kubwa unaiweka kwenye P kama ni otomatiki, au kwenye gia kama ni ya mkono. Ndiyo, kwenye gia. Wageni wote wanashtuka wakisikia. Otomatiki isiyo na N ya namna hiyo kwa kawaida haivutwi, maana pompi ya mafuta ndani ya bwate inaendeshwa na injini. Injini ikizimwa mafuta hayatembei, na vyuma vinazunguka vikavu mpaka vinaungua.

Chuma chenyewe kina umbo la A. Miguu miwili inashika shasi ya gari la nyuma, kichwa kinashika ndoano ya gari la mbele. Hakuna mtu anayekaa nyuma. Usukani unaachwa huru, magurudumu yanajifuata yenyewe.

Jirani yangu hapa, mzee wa pikapu ya Ford, anacho pia kisanduku anachokiweka chini mbele ya kiti cha shoferi. Gari la mbele likikanyaga freni, kisanduku kinasukuma pedali ya pikapu kwa hewa. Na kuna waya mwembamba kati ya magari mawili: yakiachana, waya unachomoka na pikapu inajifunga freni peke yake. Nilimuuliza kama bila hivyo haiwezekani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama suruali ni lazima kanisani.

Fundi_wa_Panda (Likasi)

Mdogo wangu PompiYaMaji, una bahati kwamba gari lako ni la zamani. Mkono wako wa pili sakafuni una H2 (magurudumu ya nyuma tu), H4 (yote manne), N na L4 (yote manne, polepole kwa nguvu). Hilux mpya za kuanzia 2015 zina kitufe cha kuzungusha, H2, H4, L4, na hapo N haipo. Mwenye hiyo atafute trela.

Nimjibu kwanza kaka wa Kolwezi, maana ushauri wake unanipa kazi kila mwaka. Nyutro ya bwate kubwa na N ya bwate ndogo ni vitu viwili. Ndani ya bwate kubwa ya mkono kuna shafti ya chini inayolala ndani ya mafuta, na ndiyo inayoyarusha juu. Inazungushwa na injini. Zima injini, weka nyutro, uvute gari: shafti ya chini imesimama, lakini magurudumu yanaizungusha shafti ya juu inayotoka kwenda nyuma. Gia zilizokaa juu ya shafti hiyo zimeshikwa na zile za chini, hazizunguki nayo. Katikati yao kuna beringi za sindano, nazo zinasuguliwa bila mafuta mapya. Kilomita chache polepole, zinavumilia. Nilifungua bwate moja iliyovutwa kutoka Kasumbalesa: sindano zimekuwa za bluu, nyingine zimechongoka upande mmoja, shafti ina mifereji unayoihisi kwa kucha. Mafuta yalikuwa kwenye kipimo. Mwenyewe aliapa kwamba lilikuwa nyutro njia nzima, na alikuwa anasema kweli.

Kwa hiyo wewe weka N kwenye bwate ndogo. Hakikisha hivi: washa injini, tia gia ya kwanza, achia ambreyaji (klachi) polepole. Gari lisisogee hata kidogo. Zima, acha bwate kubwa kwenye gia ileile. Moyo za mbele zizungushe hadi FREE, zote mbili. Wengi wanasahau ya upande wa pili. Ufunguo uache umefungua usukani, na utoe waya wa hasi wa betri, la sivyo utafika huna chaji.

Hapo kinachozunguka kimebaki kardan ya nyuma (shafti ndefu iendayo kwenye ekseli) na shafti ya mwisho ya bwate ndogo. Kuja hapa Likasi tu, ningekuacha uje hivyo. Kwenda Kolwezi, mimi ningeshusha kardan kabisa. Ni kle (spana) ya 14, bulo (bolti) nne upande wa difu (gia za ekseli ya nyuma) na nne upande wa bwate ndogo. Kabla ya kufungua, gonga alama kwa patasi kwenye flenji mbili zinazotazamana, ili irudi ilivyokuwa, usije ukasikia mtetemo usioujua unatoka wapi. Kwenye 4x4 yako kardan imefungwa kwa flenji pande zote, kwa hiyo mafuta hayamwagiki. Ile isiyo 4x4 kardan inachomekwa ndani ya bwate, ukiitoa, unaoga. Tena kihesabu kilomita cha LN106 kinaendeshwa na bwate ndogo, basi bila kardan hakihesabu safari ya kuvutwa. (Wauza magari wanaosoma hapa, nimewaona mkitabasamu.)

Angalizo: gari likiwa N au bila kardan, gia haiwezi kulishika. Freni ya mkono na mawe mawili kabla hujachomoa pini yoyote.

Haya, bwate tumeimaliza, na ndiyo ilikuwa rahisi. Umeuliza sana juu yake na hukuuliza neno juu ya freni. Hilux tupu ni tani moja na nusu hivi, na wewe utaijaza pompi na mabomba. Hiyo yote inasukuma mkia wa Coaster kila unapopunguza mwendo. Na Coaster ina mkia mrefu, tazama umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi parashoki (bampa). Ukikanyaga ukiwa kwenye kona, msukumo ule hauji moja kwa moja, unakuja kwa ubavu, na mkia mrefu unaupa nguvu ya kuzungusha basi lote. Ukienda 80 badala ya 40, nguvu ya kusimamisha inayotakiwa kwa umbali uleule ni mara nne. Kati ya Luisha na hapa unajua malori yanavyosimama ghafla.

Habari ya kuweka kijana ndani, hapana. Dizeli ya Toyota inapata nguvu ya freni kutoka pompi ndogo ya kunyonya hewa iliyo nyuma ya alternateri. Injini imezimwa, anakanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali ni ngumu na gari linaendelea. Ukimwambia awashe injini, basi aendeshe tu, mazutu ni yaleyale.

Shoferi_RN1 (Kolwezi)

Mzee, ya sindano sikuijua, hiyo nakupa. Lakini kebo tumeivuta tangu enzi za Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, na watu walifika.

Fundi_wa_Panda (Likasi)

Walifika, kwa mwendo wa 30, na lori la shaba halikuwa nyuma yao kila mita mia.

PompiYaMaji (Lubumbashi)

Aksanti sana, mzee. Kweli, freni sikuiwaza. Kisanduku cha yule jirani wa Edmonton kukileta hadi huku sitaweza. Kuna njia ya hapahapa? Pia nimepima jana: ndoano ninayotaka kuiweka kwenye Coaster itakuwa juu ya shasi ya Hilux kwa sentimita 20. Inapita? Na taa za nyuma za Hilux, naziunganisha tu na za Coaster?

Fundi_wa_Panda (Likasi)

Sentimita 20 haipiti. Chuma kiwe karibu sawa na ardhi, tofauti isizidi upana wa vidole vinne. Kikilala sana, ukifunga breki Hilux inajaribu kupanda au kujichimbia chini ya Coaster. Shusha ndoano. Na ishikwe kwenye reli za shasi za Coaster kwa bulo, vyuma viingie mbele mpaka vipate reli nzima. Sakafu ya nyuma ni bati. Msudeya akikuambia inatosha, mlipe nauli arudi kwake. Upande wa Hilux pia ni shasi, usiguse parashoki. Halafu minyororo miwili ipishane chini ya chuma.

Kwa freni, tafuta kichwa cha trela ya zamani chenye freni ya kusukumwa. Coaster ikipunguza mwendo, Hilux inakisukuma kichwa, kinarudi ndani na kuvuta kebo. Kebo unaipitisha hadi kwenye pedali. Pedali bila injini ni ngumu, kwa hiyo inahitaji mkono wa kuongeza nguvu, na hapo usikadirie kwa macho. Tutajaribu uwanjani mpaka magurudumu yote manne yashike sawa. Kebo ya pili, ya dharura, ifungwe kwenye Coaster yenyewe.

Taa: usiunganishe! Coaster za Japani za dizeli ni volti 24, Hilux yako ni 12. Ampuli zote zitakufa kwenye kona ya kwanza. Chukua ubao, ufunge taa za lori za 24 na namba ya gari, uuning'inize kwenye mlango wa nyuma wa pikapu, waya wake uende Coaster peke yake.

Kurudi nyuma sahau kabisa, hata mita mbili. Magurudumu ya mbele ya Hilux yanajikunja na chuma kinapinda. Ukiingia foleni ya peaji (kituo cha ushuru wa barabara) isiyo yako, shuka, fungua, panga upya. Pini ikikataa kutoka ni kwa sababu chuma kimebanwa; mtu azungushe usukani wa Hilux kidogo kushoto na kulia, itatoka.

Na 1HZ haina turbo, kwenye milima itaanza kupata joto. Tazama mshale wa joto, shusha gia mapema.

Njoo na Coaster tupu Jumamosi, tupime reli. Msudeya asiguse kitu kabla.