Lambo la marehemu baba linavuja chini ya tuta, nifanyeje?

Mkulima_Maswa: Wakuu, habari za leo. Nipo Maswa, Simiyu. Baba alituachia lambo, tuta lake la udongo lina kimo cha kama mita 4. Ng'ombe wetu na wa majirani wanakunywa hapo. Juzi nimekuta chini ya tuta, upande wa bustani ya mama, pametota na maji yanachuruzika, unene wa kidole gumba. Kaka anataka tushindilie udongo wa mfinyanzi hapo. Fundi mwingine anataka laki 8 apige zege. Na mvua ndiyo hizo.

FundiTuta: Pole mkuu. Maji yana rangi gani? Usikadirie kwa macho. Kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie nusu saa. Tuta la udongo kuvuja kidogo ni kawaida, maji yakiwa safi. Yakiwa na tope, yanabeba udongo wa ndani, yanachimba njia. Ila hapo pasizibwe kwa mfinyanzi wala zege! Maji yatatokea pengine usipopaona. Mwaga mchanga, kisha kokoto, kisha mawe. Maji yapite, udongo ubaki.

Mama_Kijiko: Tuta lina miti?

Mkulima_Maswa: Miarobaini miwili, mikubwa.

FundiTuta: Usiing'oe sasa hivi lambo likiwa limejaa. Hiyo ni kazi ya kiangazi.

Kijana_wa_Nakuru: Msidharau hiyo kitu. Kwetu Solai, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku. Zaidi ya watu 40 walikufa. Huko chini kuna nyumba?

Mkulima_Maswa: Tatu. Za wajomba.

FundiTuta: Na utoro wa maji, ile njia ya kupitishia maji ya ziada lambo likijaa, ukoje?

Mkulima_Maswa: Hapo naona aibu. Mwaka jana kaka aliuziba kwa viroba vya mchanga ili maji yafike Septemba.

FundiTuta: Lo! Mkuu, hilo ndilo ungeanza nalo. Maji yakipanda juu ya tuta la udongo huna lambo tena. Toa viroba leo, kimoja kimoja kuanzia juu. Ukishusha maji ghafla, upande wa ndani uliolowa unaporomoka. Na asije mtu akachimba mfereji kwenye tuta. Kisha piga simu Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, Mwanza.

Mkulima_Maswa: Kibali chenyewe cha lambo hatujawahi kukiona.

Mama_Kijiko: Piga hivyo hivyo. Mwenyekiti wa kijiji naye ajue kabla giza halijaingia.

Mkulima_Maswa: Mrejesho. Viroba vya juu vimetoka, kaka kanuna. Lori la mchanga linakuja kesho asubuhi. Chupa imetulia, chini kuna tope nusu kidole. Wajomba na watoto wao wanalala kwetu leo.