Mama Kalalia Mkono

Kikundi: WANA WA BI TATU 🌴 (Tabata, Mbagala, Kariakoo, London)

*Jumamosi*

Hamisi, 03:12
Jamani nani yuko macho? Sukari ya mama 3.1!!

Hamisi, 03:12
Nampigia hapokei. Salma amka

Hamisi, 03:13
Salmaaaa

Mjomba Idd, 03:14
Mimi niko macho, nimetoka kujisaidia, hii ya tatu usiku huu. Kuna nini?

Hamisi, 03:14
Shikamoo mjomba. Kile kidude cha mama cha mkononi cha kupima sukari kinasoma 3.1 na simu yangu inalia kama gari la zimamoto. Ikishuka chini ya 3.9 si salama

Mjomba Idd, 03:15
Marahaba. Sasa mimi niko Mbagala, yeye Tabata. Nipae?

Rehema, 03:17
Nimempigia jirani, Mama Upendo. Anamgongea Salma dirisha

Salma, 03:21
Nipo nipo. Niko chumbani kwa bibi. Kalalia ubavu wa kushoto, mkono wenye kidude uko chini. Hana jasho, hatetemeki, ananiuliza kama kuna msiba

Hamisi, 03:21
MPE SODA

Salma, 03:22
Subiri mjomba nimchome kidole kwanza

Salma, 03:25
Kidole kinasema 6.4

Hamisi, 03:25
6.4 vipi na huku naona 3.1??

Asha Nesi, 03:27
Shikamooni wakubwa. Soda iacheni. Kaulalia mkono, basi. Ule uzi mwembamba wa kidude hauko kwenye mshipa, uko kwenye majimaji ya chini ya ngozi. Mtu akiukandamiza kwa uzito wa mwili, pale mahali sukari haifiki vizuri, kinasoma chini wakati mwili wote hauna shida. Mgeuze tu, mkisubiri kidogo mtaona kinapanda chenyewe

Salma, 03:41
Kageukia kulia. 4.3

Salma, 03:48
5.9. Kasharudi kukoroma

Mjomba Idd, 03:50
Kwa hiyo Mbagala mpaka London tumeamshwa kwa sababu dada yangu kageuka kitandani

Hamisi, 03:51
Mjomba huku saa sita na dakika 51 za usiku, na mimi sijalala. Nisamehe

Mjomba Idd, 03:51
Lala baba. Mimi nanywa maji, koo limekauka kwelikweli na hili joto la Desemba

Jumanne, 06:48
Naamka nakuta jumbe lukuki za familia, nikajua tayari tumefiwa. Nimeshavaa na kanzu

Jumanne, 06:49
Halafu ile siku kaka alivyosema anamtumia mama hicho kidude, eti sensa, nilijua karani anarudi kutuhesabu tena kama 2022 😂

Bi Tatu, 07:30
🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Salma, 07:44
Kwa wanaobana bando, naandika alivyosema bibi. Nimeruka sehemu anayoulizia deni la mchele la mjomba Jumanne:

"Asalaam aleikum wanangu. Mimi nina kisukari mwaka wa kumi na moja huu. Nilipokuwa nachoma kidole asubuhi na jioni nilikuwa na majibu mawili kwa siku, nayajua mwenyewe na daftari langu. Sasa majibu yanakuja kila dakika, na kila jibu lina mwenyewe wa kunihoji. Juzi alfajiri Hamisi kaniandikia, mama umekula nini, imetoka 7 imefika 9.6. Nilikuwa naswali. Nimekula nini, msala? Jumatano nimeacha simu chumbani, niko uani na jiko la mkaa, kidude kikakosa mawasiliano, Rehema akapiga kuuliza kama nimezima ili nile maandazi kwa siri. Leo nagongewa dirisha usiku wa manane kama nadaiwa kikoba, Mama Upendo kasimama nje na khanga ya kulalia. Kidude nakipenda. Mnaonichosha ni nyinyi."

Rehema, 07:50
Ile ya maandazi nilitania mama 🙏🏾

Bi Tatu, 07:51
Hukutania

Hamisi, 07:58
Shikamoo mama. Nisamehe. Lakini ile alfajiri ilipandaje kama hujala?

Asha Nesi, 08:05
Kaka hiyo inawapata wengi. Karibu na kuamka mwili unatoa homoni zake, ini linamwaga sukari iliyoweka akiba, na kwa mtu asiye na insulini ya kutosha inapanda kabla hata kikombe hakijaguswa. Mama mkubwa hakula kitu

Bi Tatu, 08:06
Msikieni mwanangu Asha

Salma, 08:15
Lakini tuseme ukweli, kidude kimetufundisha vitu. Mimi naandika kila anachokula. Unajua kilichompandisha kuliko vyote wiki hii? Siyo soda, siyo wali

Jumanne, 08:16
Chips mayai

Salma, 08:16
Uji wa lishe

Rehema, 08:17
Uji gani?

Salma, 08:18
Wako mama 🙈 Kikombe kimoja, hakuna sukari. Ulimkuta 7.1, baada ya saa moja na kidogo 14.6

Rehema, 08:19
Unga huo nimechagua nafaka moja moja, nimekaanga karanga, nimekwenda mashineni kwa miguu yangu. Mahindi, mchele, ulezi, soya. Leo uji wangu ndio mchawi?

Asha Nesi, 08:26
Dada si mchawi, kwa mtoto anayekua ni mzuri. Ila nafaka ikisagwa laini namna ile halafu ikapikwa ikawa nyepesi, tumbo halina kazi ya kufanya, inaingia moja kwa moja. Kutotia sukari hakufuti wanga uliomo

Salma, 08:29
Alhamisi alikula mayai mawili, mchicha na nusu chapati, akaanza na mchicha. Hakuvuka 9.8. Ijumaa usiku wali wa nazi ulitudanganya. Saa tatu tukatazama, 8.2, tukashangilia. Saa sita usiku iko 13 na kitu

Asha Nesi, 08:31
Tui hilo. Mafuta yanachelewesha chakula tumboni, kwa hiyo sukari inakuja wakati mmeshaacha kuitafuta. Ndiyo maana mtu wa kupima kidole baada ya saa mbili tu alikuwa anajiona mshindi

Mjomba Idd, 08:40
Mimi nakunywa mlonge na mdalasini asubuhi, sijui habari za 8 wala 13

Asha Nesi, 08:41
Na mara ya mwisho kupima ilikuwa lini mjomba?

Mjomba Idd, 08:55
Niko kwenye daladala mtandao unasumbua

Jumanne, 09:10
Hiki cha sasa kina siku ngapi? Kile cha kwanza kaka alikaribia kulia

Hamisi, 09:14
Siku 4 badala ya 14. Nilihesabu hela yangu kwa dakika

Salma, 09:20
Kile kosa lilikuwa mafuta ya nazi. Bibi alikuwa ametoka kuoga, kajipaka mwili mzima kama kawaida yake, mimi nikafuta juu juu kwa pamba nikabandika. Siku mbili kikang'ang'ania nusu, pembeni kimeinuka. Siku ya nne anavua dera, kikatoka na mkono wa dera. Tumekuja kukikuta kwenye ndoo ya kufulia

Salma, 09:22
Hiki cha pili nimeosha mkono kwa sabuni isiyo na mafuta, nimekausha kabisa, nimepangusa kwa spiriti, nikasubiri na spiriti nayo ikauke. Nimezungushia plasta ya upana. Siku ya 9 leo na jasho lote hili, hakijatikisika

Jumanne, 09:25
Mama Upendo aliniuliza pembeni kama mama kafungwa chipu na wazungu. Nikamwambia ndiyo, wakimtaka wanampigia mkononi

Bi Tatu, 09:26
Ndio maana hakuja kuniazima kinu wiki nzima

Rehema, 09:40
Mama jioni si unakwenda harusi ya mtoto wa Mama Shani? Vaa mikono mipana

Bi Tatu, 09:41
Nimeshatoa gauni

Hamisi, 18:50
Mama 8.9, mshale umelala, haipandi wala haishuki. Vizuri. Mfurahie harusi

Hamisi, 19:35
6.9 safi sana

Hamisi, 20:04
5.4!! 👏🏾👏🏾👏🏾 Mama leo umepatia kuliko siku zote

Jumanne, 20:06
Mama bingwa 🏆

Rehema, 20:10
Mashallah

Hamisi, 20:31
Mama naona 4.6, vipi huko? Tutume mtu?

Hamisi, 20:33
Mama?

Salma, 20:36
Nimempigia kapokea. Anasema yuko salama, anaongea vizuri, amenikatia simu

Bi Tatu, 21:02
Hamisi umenipigia makofi wakati naanguka

Hamisi, 21:02
Astaghfirullah. Mama kumetokea nini?

Bi Tatu, 21:09
Naandika mwenyewe maana ngoma inapiga sauti haitasikika. Kadi imesema chakula saa moja. Nimechoma sindano yangu ya jioni saa kumi na mbili na nusu, nikajua nusu saa nakula. Saa moja ukumbi una viti na watoto tu. Bibi harusi kaingia saa mbili kasoro, tukamwingiza kwa kucheza, na mimi kiuno bado kipo. Nimekaa, nikatazama simu. 5.4. Wewe umeona 5.4. Mimi nimetazama mshale, umesimama wima kichwa chini

Salma, 21:10
Huo unamaanisha inashuka zaidi ya 0.1 kila dakika. Nusu saa ni zaidi ya 3

Bi Tatu, 21:16
Ndiyo uliyonifundisha. Na midomo ilikuwa inanifanya ganzi, jasho la shingoni la baridi, si la joto. Nikamwambia Mama Shani siwezi kumsubiri MC. Akanipa soda ya chupa, nusu nimekunywa hapo hapo. Nikachoma kidole chini ya meza. Kidole 3.8, kidude bado kinasema 4.9

Asha Nesi, 21:18
Mama mkubwa umefanya sawasawa kabisa. Ikiwa inakimbia, kidude kinabaki nyuma ya damu dakika tano, kumi, hata zaidi. Mwili wako ulijua kwanza

Bi Tatu, 21:20
Robo saa nimerudia, 5.2. Nikala korosho na sambusa moja nilizokuwa nazo kwenye pochi. Pilau imekuja sasa hivi. Hilo la 4.6 mlilokuwa mnanipigia simu nilikuwa nimeshapona

Hamisi, 21:22
Mama sikutazama mshale. Nilitazama namba nikafurahi

Bi Tatu, 21:24
Najua baba. Tunaelewana hivi. Usiku nikiwa nimelala nitazameni, sikatai. Lakini mpigie Salma, usilipigie baraza zima. Mchana ni wangu. Ukiona kitu niulize najisikiaje, usiniulize nimekula nini

Hamisi, 21:25
Sawa mama

Asha Nesi, 21:31
Na Salma, usiku uendelee kuchoma kidole kwanza kama ulivyofanya leo. Ila ukimkuta ana jasho au anaongea vitu visivyoeleweka na kipimo hakiko karibu, mpe soda au maji yenye sukari usisubiri namba. Asipojitambua usimtie kitu mdomoni, gari na hospitali

Salma, 21:32
Sawa dada. Kimeandikwa kwenye friji

Jumanne, 21:35
Na mtu akialikwa harusi Dar sindano achome akiona sahani, siyo akiona kadi

Asha Nesi, 21:36
Umechekesha ila muulizeni daktari wake hilo hilo, namna ya kupanga sindano siku za shughuli. Jumatatu ana kliniki

Bi Tatu, 21:38
Mniache nile

Hamisi, 21:39
Kula mama

Mjomba Idd, 22:47
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Asha Nesi, 22:49
Mjomba nimeusoma kabla hujafuta

Mjomba Idd, 22:49
Nilitaka kukutumia wewe peke yako

Asha Nesi, 22:50
Najua. Njoo kesho saa moja asubuhi kabla ya chai, kabla ya mlonge, kabla ya kitu chochote isipokuwa maji. Nipo zamu

Mjomba Idd, 22:58
Na hicho kidude kinauma?

Bi Tatu, 22:59
Idd, kesho ni kidole tu. Nenda. Nitakusindikiza