Mrejesho: Matibabu ya mama na kiwanja tulichotaka kuuza

Ndugu zangu, niliwauliza iwapo tuuze kiwanja cha Chanika ili kugharamia matibabu ya mama, ambaye ana saratani ya mlango wa kizazi, na wengi mlinishauri nianze kwa afisa ustawi wa jamii. Nilifanya hivyo pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Alinisikiliza kwa subira, akapitia barua ya serikali ya mtaa, na sehemu ya gharama ikasamehewa. Kiwanja hatujauza.

Hata hivyo, kilichotuelemea zaidi ni yale yasiyoandikwa kwenye risiti: mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na mama hawezi tena kusimama kwenye daladala, hivyo kila siku ni bajaji kutoka Mbagala, uji wa njiani, na kanga ya akiba mkobani kwa sababu ya damu. Mdogo wangu amefunga genge lake ili amsindikize. Mama mwenyewe huficha maumivu akihofia kwamba tutakopa tena, na hilo linaniumiza kuliko deni lolote. Sasa anasubiri mionzi ya ndani, yaani ile inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa mwilini karibu na uvimbe. Nauli ya wiki ijayo wamemchangia wenzake wa kikoba.