Laptop haitaki kulala, begi linawaka moto. Msaada wakuu

Kipwepwe_Mtwara: Habari za jioni wakuu. Laptop ni Windows 10. Nikiifunga inalala fresh, kale kataa kake kanapepesa. Nikifika Tandahimba nafungua begi: ya moto kama chungu, feni inalia, chaji asilimia 9. Nifanyeje?

BintiChikongola: Izime kabisa. Mnapenda makuu.

KoroshoGhafi: Kwenye gari la Tandahimba hata mimi silali 😂. Ila usidharau, yangu ilijipika hivyohivyo, betri ikavimba mpaka kioo hakifungi. Mke wangu akasema ina mimba.

FundiShangani: Ikiamka tena, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg -lastwake, itakutajia aliyeiamsha. USB umechomeka nini?

Kipwepwe_Mtwara: Hakuna kitu.

FundiShangani: Hakuna kabisa?

Kipwepwe_Mtwara: Kale kadude ka mausi isiyo na waya tu. Sikachomoi, ka kwanza kalipotea. Mausi yenyewe iko begi hilohilo. Ila haihusiani, kuna fundi hapa kasema ni Windows, nimeshamtangulizia elfu kumi aipige upya.

FundiShangani: Inahusiana sana. Gari likirushwa na shimo, mausi inasogea, kompyuta inadhani umerudi kazini. Nenda Device Manager, bofya mausi mara mbili, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusiwa kuiamsha kompyuta. Au izime mausi, angalia swichi tumboni. Elfu kumi kachukue.

Kipwepwe_Mtwara: Nimekuelewa mkuu, ila nimeshamwachia tangu saa nane. Na Windows mpya si inaongeza spidi pia?

MlaChaza: CHAI. Wiki iliyopita ulifungua uzi hapa unauza laptop upate kodi ya nyumba. Hii umeiokota Mikindani?

BintiChikongola: Nakuja na chapati.

Kipwepwe_Mtwara: Niliuza kweli. Hii ni ya chama cha msingi, mimi ni karani. Sikuona haja ya kusema.

BintiChikongola: Mali ya umma unamwachia fundi wa barazani? Ndiyo maana vyama vyetu haviendelei.

KoroshoGhafi: Acha hayo kwanza. Rekodi za kilo za wakulima si zimo humo? Umezihamisha?

Kipwepwe_Mtwara: Ziko salama, nimeziweka desktop.

FundiShangani: Desktop iko C, palepale Windows ilipo. Akifomati C zinaondoka zote. MPIGIE SASA HIVI.

Kipwepwe_Mtwara: Napiga.

Kipwepwe_Mtwara: Hapokei.