Coastal Union waliingia Afrika, mechi ya "nyumbani" ikachezwa Dar. Watu wa Tanga tumechoka!

Wakuu salaam.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga, na jambo hili nimekaa nalo rohoni tangu Agosti 2024. Kila msimu wa mashindano ya klabu ya CAF (shirikisho la soka Afrika) ukifunguliwa linanipanda upya. Mods, nawaomba msiuunganishe uzi huu na nyuzi za Simba na Yanga, maana humo ndimo kilio chetu huwa kinapotelea.

Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, watu wakajipanga kwa marudiano kwa Mkapa, uwanja wa Dar, mara CAF wakasema eneo la kuchezea halifai. Fainali ikavushwa maji mpaka New Amaan, Zanzibar. Mnakumbuka hali ilivyokuwa? Redioni, vijiweni, kwenye daladala, mpaka misikitini baada ya swala watu wanalizungumza hilohilo: timu yetu inanyang'anywa uwanja wake, inanyang'anywa watu wake elfu sitini. Mimi si Simba lakini niliumia nao, kwa sababu hoja yao ilikuwa ya haki. Joshua Mutale wa Simba akafunga mapema, Kagoma mwenzake akala nyekundu, Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza, wakaondoka na kombe kwa jumla ya 3-1. Hadi leo kuna watu wanaapa kwamba kwa Mkapa mambo yangekuwa mengine.

Sawa. Sasa nauliza, na ninataka mnijibu kama watu wazima: kilio hicho kilikuwa wapi Agosti 2024, Coastal Union walipocheza mechi yao ya nyumbani ya Afrika ugenini?

Kwa wasiokumbuka, au waliokuwa bize na usajili wa Simba na Yanga, timu za Kariakoo: msimu wa 2023/24 Coastal, Wagosi wa Kaya, walimaliza ligi nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Tanzania ina nafasi nne za CAF, mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Shirikisho, kwa hiyo nafasi ile ilikuwa tiketi halali. Hatukupewa na mtu. Kocha alikuwa David Ouma, Mkenya, na timu aliyonayo haina hata robo ya pesa za hao watatu waliokuwa juu yetu. Golini yuko Ley Matampi, mechi 15 za ligi bila nyavu zake kutikiswa, akabeba tuzo ya kipa bora mbele ya Diarra wa Yanga. Mji ulifurahi jamani. Hii ni klabu iliyochukua ubingwa wa nchi 1988, halafu ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, watoto wetu wakakua wanavaa jezi za timu za Dar kwa kukosa cha kujivunia hapa. Mwaka ule ndiyo nikaona vijana wa Makorora na Mabawa wanaulizana jezi ya Coastal inauzwa wapi.

Halafu ratiba ikatoka. Raundi ya awali, Bravos do Maquis wa Angola. Mechi ya kwanza Luanda, marudiano nyumbani.

Nyumbani wapi? Dar es Salaam. Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, haukuwa na sifa za CAF.

Mpira wa mtoano si ligi. Kwenye ligi ukipoteza leo, wiki ijayo unasahihisha. Kwenye mtoano una dakika 180 tu, na nusu yake ni kwako: joto lako, nyasi unazozijua, watu wako wanaopiga kelele tangu mgeni anashuka kwenye basi. Ukinyang'anywa nusu hiyo umebaki na nini? Luanda tulifungwa 3-0. Ni nyingi, sibishi. Lakini Simba walitoka Misri wakiwa wamelala 2-0 mbele ya Al Masry, wakarudi kwa Mkapa wakapiga 2-0, wakashinda kwa matuta 4-1 na kwenda nusu fainali. Kuna mtu atasema uwanja uliojaa haukuhusika pale? Na hao hao Bravos, waliotutoa sisi, wakapangwa kundi moja na Simba. Kwa Mkapa Simba iliwafunga 1-0, tena kwa penati, na kule Luanda ikawa 1-1. Kwa hiyo hawakuwa timu ya kutisha. Ni timu inayofungika kwa mwenye uwanja wake na watu wake.

Sisi tulitoka 0-0. Mechi imekwisha, safari ya Afrika imekwisha, na muda mfupi baadaye kocha naye akaondoka. Watu wakasema "Coastal hawakuwa na uwezo" wakafunga ukurasa.

Niliyoyaona siku ile ndiyo yaliyonifanya niandike. Mtaani tulichangishana, tukakodi basi, tukaondoka stendi ya Kange gizani. Muheza, Segera, Mkata, Wami, Chalinze. Siti ya mbele yangu alikuwepo mzee mmoja wa Chuda, miguu imemvimba, kila gari likisimama anashuka kwa kushikilia mlango, anajinyoosha, anarudi. Mzee huyu zama za ubingwa alikuwa anatoka kwake kwa miguu na kanzu yake mpaka Mkwakwani, mechi ikiisha anawahi magharibi. Tulipofika Chalinze akanigeukia akasema, "Mwanangu, uwanja wa nyumbani nao naufuata kwa basi?" Nilimtazama nikakosa la kumwambia. Uwanjani tukajikusanya kipande kimoja cha jukwaa na ngoma zetu, waliobaki wengi wao watu wa Dar waliokuja kutazama mpira tu. Waangola walikuwa wageni, na sisi tulikuwa wageni. Ni kama kumuoza binti yako halafu harusi ikafanywe ukumbi wa mtaa wa watu, wewe mzazi uonyeshe kadi mlangoni.

Na hao waliopanda basi ni wenye uwezo wa nauli. Tanga hadi Dar ni karibu kilomita 350, kwenda na kurudi, kula, na kama gari limechelewa, kulala. Muuza mihogo wa Mkwakwani anapata wapi hela hiyo? Kuli wa bandarini je? Ndio hao wanaojaza uwanja kila wikiendi, na ndio waliotengwa na siku kubwa kuliko zote waliyowahi kuipata kwa miaka mingi.

Tena msimu huohuo hata ligi ya ndani ilitukimbia. Oktoba 2024 Coastal "mwenyeji" anacheza na Yanga, mechi ikapigwa Arusha, Sheikh Amri Abeid, tukafungwa 1-0. Machi 2025 Coastal "mwenyeji" anacheza na Simba, Arusha tena, Mukwala akatupiga tatu peke yake. Mechi mbili zinazoingiza pesa kuliko zote kwa msimu, zote nje ya mkoa! Mama lishe, bodaboda, wenye gesti, wauza kahawa na kashata, wote walikuwa wanazisubiri. Hela ikabaki kwa wenzetu. Siwalaumu watu wa Arusha, wao wana uwanja.

Kinachonitia hasira zaidi ni hiki. Agosti 2023, mwaka mmoja kabla, Ngao ya Jamii ilichezwa wapi? Mkwakwani! Timu nne: Yanga, Simba, Azam, Singida. Fainali ikawa dabi ya Kariakoo, 0-0, Ally Salim akapangua penati, Simba wakachukua ngao. Nchi nzima ilikuwa Tanga wiki ile, gesti zimejaa, huko Raskazone magari hayana pa kuegesha. Kwa hiyo wakubwa walipohitaji pa kuchezea, Mkwakwani ulifaa. Sisi wenyewe tulipohitaji uwanja wetu kwa mechi moja tu ya Afrika, haukufaa. Hivi wiki ile, na mapato yale, na viongozi wote wale kwenye jukwaa kuu, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwamba mwakani hapa huenda pakahitajika kwa mashindano ya CAF?

Najua masharti ya CAF si mchezo. Wanataka eneo la kuchezea lililo sawasawa, taa za mechi za usiku, viti badala ya ngazi za saruji, vyumba vya kubadilishia vyenye hadhi, chumba cha daktari, chumba cha kupima dawa zilizokatazwa, sehemu ya waandishi, milango ya dharura. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji miujiza. Vinahitaji mwenye uwanja atamke wazi kwamba atafanya, au aachie wengine wafanye. Uwanja uko katikati ya mji, unakodishwa kwa mechi, unakodishwa kwa mikutano na matamasha, makato ya mlangoni yanachukuliwa kila mechi. Halafu mvua ikinyesha vidimbwi, jua likiwaka nyasi za golini zimekufa, mchanga mtupu. Wachezaji wetu wanaumia vifundo vya miguu hapo. Nimesimama nyuma ya goli la upande mmoja nikaona mpira unadunda kama uko ufukweni, kipa anaukadiria kwa bahati.

Na msiniambie Tanga haina hadhi ya mpira. Mwamnyeto, aliyekuwa nahodha wa Yanga walipokwenda fainali ya Shirikisho 2023 na USM Alger, alichukuliwa kutoka Coastal. Sopu, aliyewapiga Yanga hat-trick kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho la nyumbani 2022, alikuwa na jezi ya Coastal siku ile. Kituo cha ufundi cha TFF, shirikisho la soka nchini, kilichojengwa kwa fedha za FIFA kiko Mnyanjani, hapahapa Tanga. Kwa hiyo kujenga vitu vya mpira Tanga inawezekana, fedha zinakuja, mafundi wanapatikana. Kinachokosekana ni Mkwakwani kuonekana ni wa muhimu.

Msimu wa 2025/26 timu zetu zote nne ziliingia makundi, Simba na Yanga kule Mabingwa, Azam na Singida Black Stars huku Shirikisho. Hongera zao, nimefurahi kama Mtanzania. Lakini tazama walikochezea nyumbani: Dar au Zanzibar. Singida nao hawakucheza Singida. Maana yake timu ya mkoa ikifuzu inapewa bendera ya taifa na kunyimwa watu wake. Kwa mtindo huu, kwa nini tajiri yeyote awekeze timu ya mkoani?

NYONGEZA: Naona wakuu wawili watatu mmeshashusha majibu, nijibu kwa pamoja.

Anayesema "leteni timu kwanza ndipo mdai uwanja": timu tuliileta, ikashika nafasi ya nne. Uwanja haukuwepo. Kwa hiyo hoja hiyo imeshajibiwa na historia.

Anayesema AFCON 2027 inakuja na viwanja vinajengwa: vizuri sana, Arusha wanajengewa, na nawatakia heri. Ila AFCON inakuja na kuondoka ndani ya mwezi. Mashindano ya klabu yapo kila mwaka, na klabu yoyote itakayofuzu itayakuta.

Na wewe unayesema viongozi wa Coastal nao walale na lawama: hapo niko na wewe. Ligi iliisha Mei, mashindano yakaanza Agosti. Miezi ile wanachama hatukuitwa hata mara moja kuelezwa nini kinapungua Mkwakwani, kinagharimu kiasi gani na nani anazuia. Tungechanga! Watu wa Tanga walioko Dar, Mombasa, Muscat, wangechanga. Tuliona kwenye mitandao tu kwamba mechi iko Dar, basi.

Madai yangu hayana siasa na sitaki mtu ayapeleke huko. Nataka mwenye uwanja, halmashauri ya jiji na uongozi wa klabu wakae meza moja, watoe karatasi inayosema kifaa gani kinapungua kwa viwango vya CAF, nani anakilipia, na kitakamilika tarehe ngapi. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye geti la Mkwakwani kila mtu aisome.

Na kama kuna mwana jukwaa yeyote mwenye ripoti ya ukaguzi wa uwanja ule, aidha wa CAF aidha wa Bodi ya Ligi, aiweke hapa leo. Tuanze nayo hiyo.