Lishe tiba: ipi dawa, ipi chakula, na zipangwe vipi?

KabatiLaTatu: Wakuu, orodha moja ina lishe ya mshipani, lishe ya mrija, maltodekstrini (unga wa wanga wa kuongeza nishati), unga wa protini na fomula isiyo na fenilalanini (moja ya asidi amino, yaani vijenzi vya protini). Ipi ni dawa, ipi ni chakula? Na nikizipanga kwa jina la ugonjwa tu kuna ubaya?

Mililita: Anza na njia ya kuingilia mwilini. Inayoingia kwenye mshipa wa damu ni dawa, hata kama ndani yake ni glukosi, asidi amino na mafuta tu. Inayopita tumboni, kwa kinywa au mrija, kwa kawaida huhesabiwa chakula. Umoja wa Ulaya (kanuni 609/2013 na 2016/128) unavigawa vyakula hivi makundi matatu: kamili vya kawaida, kamili vilivyorekebishwa kwa ugonjwa fulani, na visivyo kamili. Mgonjwa anaweza kuishi kwa kundi la kwanza au la pili peke yake. La tatu, hapana.

Maltodekstrini, unga wa protini na hiyo fomula yako vyote ni kundi la tatu. Hapo kwenye fomula ndipo wengi huteleza: mwenye fenilketonuria (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini) bado anahitaji fenilalanini kidogo, na huipata kwenye chakula kilichopimwa. Akipewa fomula peke yake kwa muda, mwili unaanza kumega misuli yake, na kiwango cha fenilalanini kwenye damu, badala ya kushuka, kinapanda.

Bomba_Jembamba: Niongezee. Ndani ya "kamili" tazama protini: ni nzima, ni peptidi (vipande vifupi vya protini), au ni asidi amino huru? Utumbo ukiwa mzima, chukua protini nzima. Kadiri inavyokatwakatwa ndivyo osmolaliti (wingi wa chembe zilizoyeyuka, zinazovuta maji utumboni) inavyopanda, na ukiimimina kwa kasi unakaribisha kuhara.

Kisha nishati kwa mililita: kilokalori 1, 1.5 au 2. Mgonjwa wa kilokalori 1,800 atapata mililita 1,800 za ile ya 1, ambazo zina maji kama lita moja na nusu. Ya 2 ni mililita 900, na maji yake hayafiki mililita 700. Watu hubadili chupa, wakasahau kuongeza maji ya kusafishia mrija. Siku chache baadaye sodiamu kwenye damu iko juu, na lawama anabebeshwa mtengenezaji!

Mililita: Kuhusu jina la ugonjwa: ubaya upo. "Ya figo" ni bidhaa mbili zinazopingana. Asiyesafishwa damu kwa mashine hupewa yenye protini kidogo; anayesafishwa hupoteza asidi amino kila kikao, kwa hiyo yake ina protini nyingi. Kwenye rafu moja watazichanganya tu. Panga kwa njia, kisha ukamilifu, kisha protini na nishati. Ugonjwa uwe safu ya mwisho.

KabatiLaTatu: Sawa sawa. Na unga wa kufanya vinywaji vizito kwa wanaopaliwa?

Mililita: Kundi la tatu. Unafanya kinywaji kiwe kizito, haumlishi mtu.